Moja Yenye Pua

Kila asubuhi mwaka ule wa 2013 siku yangu ilianza kwa ugomvi wa miguu. Mimi nachota maji bombani, nachemsha maziwa ya Gaju, ng'ombe wetu mmoja mwekundu, halafu namwambia mdogo wangu Pacifique aoshe miguu kabla ya kwenda shule. Naye ananijibu kwamba miguu itachafuka tena njiani, kwa hiyo kuiosha ni kuyaonea maji. Alikuwa na miaka kumi na mdomo wa wakili. Tukimaliza kugombana napiga pasi blauzi yangu nyeupe kwa pasi ya makaa, natia daftari mfukoni, nashika njia ya kituo cha afya, mwendo wa nusu saa.

"Kazi njema, Daktari Fagio!" Pacifique ananipigia kelele kutoka mlangoni.

Jina hilo lilinichoma. Ngoja niwaeleze.

Tulikaa Nakivale, kusini mwa Mbarara, katika kijiji cha wakimbizi waliotoka Kongo, Kivu ya Kusini. Mimi, Orpa Shimwa, nilifika pale nikiwa mtoto. Sasa nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na matokeo yalipotoka baba aliisoma karatasi mara tatu, kisha akaimba wimbo wa kanisani beti zote nne. Nilitaka kusomea udaktari. Shirika moja la Mbarara lilikuwa tayari kumsomesha mkimbizi mmoja, mmoja tu, na fomu yake ilikuwa na sharti. Mwombaji alete barua ya msimamizi wa kituo cha afya, ieleze kwamba amefanya kazi pale miezi mitatu, na kazi hiyo aliifanya vipi. Huna barua, usijisumbue kuja.

Mimi wakati huo nilijiona najua kila kitu. Mifupa ya mkono nilikuwa naitaja kwa Kilatini huku nasonga ugali. Nikaenda kituoni nikitarajia kupewa koti jeupe.

Msimamizi alikuwa Sista Goretti. Si mtawa, huku Uganda muuguzi huitwa sista. Alizaliwa Bwizibwera lakini alikulia katika kambi ya jeshi ya Makenke, kwa sababu baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake alikiokota huko. Hata akikusalimia tu, unajikuta umesimama wima.

"Wewe nataka nini?" aliniuliza.

"Naitwa Orpa Shimwa, Sista. Nataka kuwa daktari. Nimekuja kupata uzoefu."

"Daktari? Kale, sawa." Akaingia stoo, akatoka na fagio, ndoo na kitambaa. "Daktari, anza na hii veranda."

Nilifagia wiki mbili. Nilipiga deki, nikaosha mabeseni, nikapanga mabenchi. Nyumbani nikamlalamikia baba kwamba kufagia nakujua tangu Kongo, sihitaji kufundishwa Uganda. Baba yangu, mzee Semahoro, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Minembwe, na mwalimu haachi kufundisha hata akiwa anakamua ng'ombe.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema.

Basi niliinama, tena mvunguni kweli, chini ya vitanda sita vya wagonjwa. Pacifique aliposikia habari hiyo ndipo akanipa lile jina.

Wiki ya tatu Sista aliniita. "Veranda nang'aa," alisema. "Sasa kuja kwa mizani."

Kwetu mgonjwa huja kituoni na daftari la kawaida, kama la shule, na humo ndimo huandikwa habari za ugonjwa wake. Kazi yangu ilikuwa kumpima kila mtoto na kuandika kilo zake kwenye daftari lake. Mama anaingia nalo kwa Sista, na Sista anaandika dawa kwa kufuata zile kilo. Mtoto mwepesi vidonge vichache, mtoto mzito vidonge vingi. Nilifurahi sana. Sasa kalamu yangu ilikuwa imeingia kwenye matibabu!

Siku ya pili tu, Sista akatoka chumbani na daftari mkononi.

"Banange!" alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Nani ameleta ng'ombe hapa? Hii mtoto nameandikwa kilo sabini na saba!"

Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni kwa mama yake, ananyonya kidole. Veranda nzima ikaangua kicheko. Nilikuwa nimeandika kumi na moja.

Hapo lazima niwaambie habari ya pua. Mwalimu wa Kongo akiandika moja, haanzi juu. Anaanza chini kushoto, anapandisha mstari mrefu mpaka kichwani, ndipo anateremka. Huo mstari baba huuita pua. Saba anaifunga mkanda kiunoni ili isifanane na moja. Mwalimu wa Uganda yeye huandika moja kama kijiti tu, na saba haina mkanda. Kwa hiyo moja ya baba yangu, mbele ya macho ya Mganda, ni saba safi. Shuleni nilikosa hesabu nyingi za haki mpaka mkono wangu ukajifunza moja mbili, ya shule na ya nyumbani.

"Kata hiyo pua," Sista alisema nilipomweleza, huku akifuta machozi ya kicheko. "Na kila kilo, soma kwa sauti. Mama asikie, na yeye arudie. Nasikia?"

"Ndiyo, Sista."

Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, Orpa. Hii ya kwanza tumecheka. Ya pili hapana cheka. Ya pili, wewe narudi nyumbani, na barua hakuna."

Kuanzia siku ile nilikata pua. Nilisoma kilo kwa sauti, akina mama wakarudia, mpaka foleni yetu ikawa na raha ya darasa la kwanza. "Kumi na mbili!" "Kumi na mbili!" Nami, bila kutambua, nikaanza kujifunza. Nilijifunza kwamba mtoto anayeogopa mizani anapona woga ukimpima kwanza kaka yake. Nilijifunza kwamba mama anayesema "hakuna kitu" mara mbili ana kitu, ukae umsikilize. Nilijifunza kwamba ulichosikia kwenye mizani hukipeleki bombani, hata rafiki zako wakikubembeleza. Kila jioni niliandika katika daftari langu nilichokiona, na miezi ikakatika kama mchezo.

Ikafika Jumatano ya wiki ya mwisho. Sista angeandika barua yangu kesho yake, Alhamisi, na Ijumaa nilitakiwa Mbarara kwa mahojiano. Jumatano hiyohiyo alikuja Daktari Rwakabuba, anayefundisha Mbarara na kutembelea kituo chetu mara moja kwa mwezi. Karibu saa sita mchana akaletwa mkulima aliyejikata mguu kwa panga. Nikasikia daktari akiomba sindano na uzi.

Kushona! Maisha yangu yote sikuwahi kuona jeraha likishonwa, na foleni yangu ilikuwa na watoto wanne bado. Niliwapima kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Panda, shuka, andika, haya nenda. Wa mwisho alikuwa Néhémie, mtoto wa miaka sita mwenye homa, aliyekuja na mama yake, Mama Madeleine, jirani yetu kutoka Fizi. Mama Madeleine akabaki amesimama, anangoja kurudia kilo.

"Leo hausome?" aliuliza.

"Leo kuna haraka, Mama Néhémie. Ingia tu kwa Sista."

Nikakimbilia begani kwa daktari. Nilihesabu nyuzi saba. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa bado nasimulia. Baba alikuwa anamsaidia Pacifique hesabu kwenye kibao, mimi namenya viazi na kueleza jinsi uzi unavyofungwa fundo. Pacifique akaandika moja, kijiti tu.

"Hii ni nini?" baba akauliza, kama alivyoniuliza mimi zamani. "Moja isiyo na pua ni fimbo tu!" Akachukua chaki, akachora pua ndefu.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kilo za Néhémie zilikuwa ishirini na moja. Niliiandika moja gani? Nilijaribu kuliona lile daftari na sikuweza, kwa sababu wakati naandika macho yangu yalikuwa dirishani kwa daktari. Na mkono wenye haraka hurudi nyumbani.

Nikapiga hesabu. Dawa ya malaria, mtoto wa kilo ishirini na moja anapewa vidonge viwili kila mara. Wa kilo ishirini na saba anapewa vitatu. Mara ya kwanza alimeza kituoni, saa sita. Mara ya pili ingekuwa saa mbili usiku, na baada ya hapo mara nne zaidi.

Sitawadanganya, sikuinuka mara moja. Nilijiambia labda niliandika kijiti. Labda Sista ameona mwenyewe. Kesho barua inaandikwa, Orpa, na aliyekwambia useme ni nani? Miaka yote ile ya kusoma kwa kibatari, halafu uitupe kwa ajili ya mstari mmoja? Nikaendelea kumenya viazi. Lakini nikamkumbuka Néhémie alivyonifungulia mdomo pale kwenye mizani ili nione pengo lake jipya la jino, na homa yake yote hiyo. Nikaweka kisu chini, nikamweleza baba.

Baba akaitazama ile moja yake kwenye kibao.

"Pua ni yangu," alisema, "lakini mkono ni wako. Kimbia."

Nilikimbia. Nyumbani kwa Mama Madeleine nilikuta kufuli. Mtoto wa jirani akaniambia wako kwenye kwaya. Nikateremka mpaka kanisani, nikaingia katikati ya wimbo, napumua kama Gaju akipanda mlima. Waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja.

"Orpa, mwana, kuko nini?" Mama Madeleine aliuliza. "Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Néhémie yuko wapi? Na vidonge?"

"Néhémie ule pale, anachezea ngoma. Kinini ziko hapa." Alifungua fundo la kitenge chake, akanipa pakiti na daftari.

Nilifunua ukurasa. Ishirini na moja yangu ilikuwa pale, na pua ya kutundikia kofia. Chini yake, kwa mwandiko wa Sista: vidonge vitatu. Machozi yakanilenga.

"Mama Néhémie, nisamehe. Niliandika vibaya. Dawa imezidi."

"Yesu wangu! Basi saa mbili nimupatie ngapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Viwili. Nilikuwa na hakika. Lakini tayari nilikuwa nimefanya kazi isiyo yangu mara moja siku hiyo.

"Mimi si daktari, Mama. Twende kwa Sista."

Nilidhani tungekwenda watatu. Lakini Mkongo hamwachi mtu aende na shida peke yake, kwa hiyo kwaya nzima ikatufuata, watu kumi na wanne, na kiongozi wao akaona heri waimbe njiani ili kumpa mtoto nguvu. Mtoto mwenyewe alikuwa mbele yetu, anaruka mashimo. Mimi niliomba ardhi ipasuke inimeze.

Sista Goretti alikuwa nje ya nyumba yake nyuma ya kituo, anamenya matoke.

"Banange! Sasa hii ni harusi?"

"Sista, ni mimi," nilisema mbele ya wote. "Moja yangu ilikuwa na pua. Néhémie ni kilo ishirini na moja, umesoma ishirini na saba. Na sikusoma kwa sauti. Nilitaka kuona kushona."

Sista aliyaacha matoke. Alinawa mikono, akafungua kituo, akampandisha Néhémie kwenye mizani.

"Soma," aliniambia.

"Ishirini na moja."

"Sauti!"

"Ishirini na moja!"

"Ishirini na moja!" kwaya ikarudia, hata bila kuambiwa.

Sista alimkagua mtoto machoni, akampima homa, akamuuliza mama kama ametapika. Mtoto akajibu mwenyewe kwamba ana njaa. Sista akampigia simu Daktari Rwakabuba, wakazungumza kwa Kiingereza. Kisha akakata ile tatu, akaandika mbili, akatia sahihi.

"Kuzidisha mara moja, hatari kidogo tu," alimwambia Mama Madeleine. "Kuzidisha mara sita, hiyo mimi hapana taka kufikiri. Saa mbili mpe mbili. Kesho asubuhi leta yeye nione." Halafu akanigeukia. "Wewe, kesho kuja saa moja."

Usiku ule niliviacha viazi kwenye sahani. Hata Pacifique hakunitania, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Asubuhi nilifika kabla ya saa moja, nikafagia veranda bila kuambiwa, maana nilijua ni mara ya mwisho. Néhémie alikuja akila muhogo, homa imeshuka. Sista akamaliza kumtazama, akaingia ofisini, akatoka na bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Peleka Mbarara," alisema. "Hapana fungua."

Ijumaa nilipata nafasi kwenye pikapu ya maziwa, nikakaa katikati ya makopo makubwa yanayogongana. Niliiinua ile bahasha kwenye jua mara mbili, sifichi. Karatasi ilikuwa nzito, haikuonyesha hata herufi. Nikawa najiandaa kurudi nyumbani na aibu yangu, ila angalau ningekuwa nimeona mji.

Kwenye mahojiano walikuwa watu watatu nyuma ya meza, na wa katikati alikuwa Daktari Rwakabuba. Alifungua bahasha, akasoma kwa sauti. Ilikuwa Kiingereza, nami naiweka hapa kwa Kiswahili kama ninavyoikumbuka, na sidhani nimesahau neno:

"Orpa Shimwa amefanya kazi kwangu siku tisini na mbili. Amefagia. Amepima watoto wengi. Amekosea mara mbili. Kosa la kwanza tulimwonyesha sisi. La pili hakuna aliyeliona, hata mimi, na mimi pia nilikosa, kwa kuwa nilisoma namba bila kumtazama mtoto. Yeye aliliona akiwa nyumbani, akarudi mbio na mtoto, na mama, na kwaya, kabla ya dawa ya pili. Nilimwambia akikosea tena sitampa barua. Leo navunja neno langu. Anajua kufagia, anajua kupima, na anajua kurudi. Kufagia na kupima nimemfundisha mimi. Kurudi alikuja nako."

Nililia pale pale, mbele ya watu wazima watatu. Mama mmoja wa meza ile akanisogezea kitambaa.

"Jumatano ulikuwa begani kwangu," Daktari Rwakabuba alisema. "Nilishona nyuzi ngapi?"

"Saba."

"Na ulijifunza nini?"

"Sikujifunza kitu, Daktari. Mahali pangu palikuwa kwenye mizani."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akakunja ile barua. "Kushona nitakufundisha, si kazi ngumu. Vijana wengi hukaa hapo ulipo wakatuhesabia mambo makubwa waliyoyaona. Kuona si uzoefu, binti yangu. Uzoefu ni kuifanya kazi ndogo mpaka ujue mkono wako unakosea wapi, halafu uwe na moyo wa kusema. Daktari asiyekosea hayupo. Anayeficha yupo, na huyo ndiye anayeua watu." Akanisukumia karatasi na kalamu. "Sasa niandikie moja."

Niliandika kijiti, kimenyooka. Wote watatu wakacheka.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Sista Goretti ndiye aliyelileta, kwa miguu, na sauti yake ilitufikia kabla yake. Nilichaguliwa. Mama Madeleine alipiga vigelegele, kwaya ikaja bila kuitwa, na baba akaimba tena zile beti nne. Watu walipotulia akamwita Pacifique, akachukua kibao, akaandika moja. Kijiti tu, pua hakuna.

Pacifique akamtazama kwa mshangao. "Lakini baba, si ulisema hiyo ni fimbo?"

"Ni fimbo," baba alisema. "Na mchungaji haendi safari ndefu bila fimbo. Haya, andika, uisome kwa sauti, dada yako asikie."

"Moja!" Pacifique alipaza sauti.

"Moja!" nikarudia.